Nani ana haki ya kuichezea Oman? Kanuni za raga na suala la nasaba, makaazi na pasipoti

Katika mchezo wa raga, pasipoti siyo inayoamua mchezaji avae jezi ya taifa gani. Kinachoamua ni mahali alipozaliwa yeye, wazazi wake au babu na bibi zake, ama miaka aliyoitumikia raga ya nchi husika. Kwa mji wa Muscat, ambao wakaazi wake wengi wana asili ya ng'ambo ya bahari, kanuni hiyo hufungua milango mingi. Hata hivyo, milango hiyo yaweza kufungwa kwa mechi moja tu.

Oman haimo miongoni mwa mataifa yenye jina kubwa katika raga. Mchezo unaopendwa zaidi nchini humo ni soka. Pamoja na hayo, raga imechezwa katika mji mkuu huo kwa miongo kadhaa, ikiletwa kwanza na Waingereza na wageni wengine waliofuata kazi za mafuta, jeshi, ualimu na uhandisi. Klabu ya Muscat imekuwa ikishindana na klabu za Dubai, Abu Dhabi, Bahrain na Doha.

Hali ya watu wa Oman ndiyo inayolifanya suala la uteuzi kuwa gumu. Zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 wanaoishi nchini humo ni raia wa nchi za kigeni. Na miongoni mwa Waomani wenyewe, ziko familia nyingi zilizoishi Zanzibar, Tanganyika, Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo kabla ya kurejea, baadhi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na nyingine baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo. Ndiyo maana Kiswahili husikika hadi leo katika nyumba na maduka ya Muscat.

Kwa hiyo, anapotokea kocha anayetaka kuunda timu ya taifa katika mji kama huo, swali la kwanza si nani mwenye mbio wala nani mwenye nguvu. Swali la kwanza ni nani anayestahiki.

Masharti manne

Jibu limo katika kanuni ya 8 ya World Rugby, shirikisho linalosimamia mchezo huo duniani, ambalo hadi Novemba 2014 lilijulikana kwa jina la Bodi ya Kimataifa ya Raga, IRB. Kanuni hiyo inahusu timu ya kwanza ya taifa ya wachezaji 15, timu ya pili inayoteuliwa rasmi na chama cha nchi, na timu ya kwanza ya taifa ya wachezaji 7.

Mchezaji anaruhusiwa kuichezea nchi endapo ametimiza sharti moja kati ya manne. La kwanza ni kuwa amezaliwa katika nchi hiyo. La pili ni kuwa mmoja wa wazazi wake, au mmoja wa babu na bibi zake, amezaliwa humo. La tatu ni kuwa ameitumikia raga ya nchi hiyo kwa miezi 60 mfululizo, yaani miaka 5, hadi siku ya mechi. La nne ni kuwa ameishi katika nchi hiyo kwa jumla ya miaka 10, hata kama miaka hiyo haikufuatana.

Ikumbukwe kwamba sharti moja tu linatosha. Aliyezaliwa nchini hahitaji kuthibitisha miaka ya makaazi, na mwenye bibi aliyezaliwa nchini hahitaji kuwa amewahi kukanyaga ardhi ya nchi hiyo kabla ya kuitwa kambini. Na katika masharti yote manne, neno uraia halimo.

Vijana watatu uwanjani

Ili kuelewa maana ya kanuni hiyo katika mazingira ya Muscat, chukulia mfano wa vijana watatu wanaofanya mazoezi katika uwanja mmoja. Wa kwanza ni Muomani, mwenye pasipoti ya Oman, aliyezaliwa Muscat, na ambaye bibi yake mzaa mama alizaliwa Unguja. Wa pili alizaliwa katika hospitali ya Muscat, lakini wazazi wake ni Wahindi waliokwenda huko kufanya kazi. Wa tatu ni mwalimu kutoka Nairobi, aliyeanza kazi Muscat miaka 4 iliyopita.

Kwa mtazamo wa afisa wa uhamiaji, ni kijana wa kwanza tu aliye wa Oman. Uraia wa nchi hiyo hurithiwa hasa kutoka kwa baba, na kuzaliwa katika ardhi ya Oman hakumpi haki hiyo mtoto wa wazazi wa kigeni. Sheria mpya ya uraia iliyotolewa mwaka 2025 inamtaka mgeni anayeomba uraia awe ameishi nchini kihalali kwa miaka 15 mfululizo, na aukane uraia wake wa awali.

Kanuni za raga zinawatazama vijana hao kwa jicho jingine. Wa kwanza anaweza kuichezea Oman kwa sababu amezaliwa huko. Wakati huo huo anaweza kuichezea Tanzania, kwa kuwa Unguja, alikozaliwa bibi yake, ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano. Haidhuru kwamba hana pasipoti ya Tanzania, wala kwamba Oman na Tanzania zote hazipendelei uraia wa nchi mbili.

Wa pili naye anaweza kuichezea Oman bila ya kizuizi, ingawa serikali inamhesabu kuwa mgeni. Mlango wa India pia uko wazi kwake kupitia wazazi wake. Ama wa tatu, mwalimu wa Nairobi, anaweza kuichezea Kenya leo, lakini kwa Oman itambidi asubiri angalau mwaka mmoja zaidi, na kwa sharti kwamba muda wake wote umehesabiwa.

Hivyo mtu aliyezaliwa nchini bila ya uraia yuko mbele ya mtu ambaye pengine amepewa uraia lakini hakuzaliwa humo na hana mzee aliyezaliwa humo. Kwa waliozoea kuona pasipoti ikimaliza kila hoja, jambo hilo ni geni.

Nasaba ya vizazi viwili

Katika mwambao wa Afrika Mashariki na katika Oman, watu wengi huweza kuitaja nasaba yao hadi babu wa tano au wa saba, na kumtambua mtu kwa kabila na mji wa asili yake hata kama familia iliondoka huko miaka 100 iliyopita. Kanuni za raga hazina hesabu ndefu kiasi hicho. Zinaishia kwa babu na bibi.

Kijana wa Pemba au wa Mombasa ambaye babu yake alizaliwa Rustaq au Nizwa anastahiki kuichezea Oman, hata kama hajui neno la Kiarabu. Ndugu yake wa ukoo ule ule, ambaye aliyezaliwa Oman ni baba wa babu yake, hastahiki. Jina la ukoo ni moja, na pengine wote wawili wanaishi katika nyumba moja, lakini kizazi kimoja kimewatenga.

Jambo jingine ni kwamba kanuni inauliza mzee alizaliwa wapi, wala haiulizi asili yake ni ipi. Muomani aliyezaliwa Bujumbura, kwa hesabu ya raga, anawapa wajukuu wake haki ya kuichezea Burundi, ingawa yeye mwenyewe huenda hakujiita Mrundi hata siku moja.

Hapo ndipo linapoingia suala la hati. Madai ya nasaba hayathibitishwi kwa simulizi za wazee, hata zikiwa za kweli. Yanathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Kwa familia zilizohama kwa haraka, au wazee waliozaliwa vijijini enzi ambazo uzazi haukuandikishwa, cheti hicho huweza kuwa kigumu kupatikana kuliko nafasi yenyewe katika timu.

Raga ya kimataifa ilipata fundisho lake mwaka 2000. Katika mwaka huo iligunduliwa kwamba Shane Howarth na Brett Sinkinson, waliokuwa wakiichezea Wales, na David Hilton, aliyekuwa akiichezea Uskochi, hawakuwa na babu waliozaliwa katika nchi hizo kama ilivyodaiwa. Howarth alikuwa tayari ameichezea New Zealand mwaka 1994. Mkasa huo, ambao magazeti ya Uingereza yaliupa jina la kashfa ya bibi, uliwafanya viongozi wa vyama kutambua kwamba neno la mchezaji peke yake halitoshi. Hilton baadaye aliruhusiwa tena kuichezea Uskochi, safari hii kwa sababu ya miaka aliyoishi huko.

Enzi ya timu ya Ghuba

Kwa miaka mingi suala la nani ni mchezaji wa Oman halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa Oman haikusimama peke yake. Wachezaji wa Muscat walikuwa chini ya Chama cha Raga cha Ghuba ya Arabuni, kilichoziunganisha Oman, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain, Qatar, Kuwait na Saudi Arabia. Aliyekuwa akicheza Muscat, aliyekuwa akicheza Doha na aliyekuwa akicheza Dubai, wote waliweza kuvaa jezi moja.

Timu hiyo ilikuwa na sura ya pekee. Wachezaji wake wengi hawakuwa raia wa nchi yoyote kati ya hizo sita. Walikuwa Waingereza, Wairishi, Waaustralia, watu wa New Zealand na wa Afrika Kusini, waliokuwa walimu, mabaharia, wahandisi na wafanyakazi wa benki, na ambao miaka yao ya kuishi Ghuba iliwapa haki ya kuiwakilisha.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawatashangazwa sana na hali hiyo, kwani nao waliwahi kuwa na timu ya namna hiyo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, timu ya pamoja ya Afrika Mashariki iliwachukua wachezaji wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilipambana na timu ya British Lions mjini Nairobi mwaka 1955 ikashindwa kwa pointi 39 kwa 12, na ikapambana nayo tena mwaka 1962 ikashindwa kwa pointi 50 kwa bila. Ilikuwa timu ya walowezi na watumishi wa serikali ya kikoloni. Wananchi wenyewe walikuwa nje ya mchezo.

Historia hizo mbili zilikutana Dubai mwezi Machi 2009, katika Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 7. Wenyeji walikuwa chama cha Ghuba, na timu yao haikufika mbali. Kenya, ikiwa na wachezaji waliolelewa katika shule na klabu za nchini mwake, iliitoa Fiji kwa pointi 26 kwa 7 katika robo fainali, kabla ya kusimamishwa na Argentina katika nusu fainali. Katika muda usiofikia miaka 50, mchezo ambao Nairobi uliwahi kuwa wa wageni ulikuwa umegeuka kuwa wa Wakenya.

Mwezi Oktoba 2009, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuirejesha raga katika Michezo ya Olimpiki, kuanzia Rio de Janeiro mwaka 2016. Olimpiki hazizitambui timu za kanda. Zinatambua kamati za mataifa. Timu ya pamoja ya Ghuba ilikosa nafasi katika mpango huo, na mwishoni mwa mwaka 2010 zama zake zilifikia kikomo ili kila nchi iendeshe raga yake. Tangu hapo suala la nani anastahiki lilihamia katika kila mji mkuu wa Ghuba, na Muscat ni mmojawapo.

Kutoka miezi 36 hadi 60

Wakati nchi hizo zikianza kujitegemea, muda wa kuishi uliotakiwa kwa mchezaji wa kigeni ulikuwa miezi 36. Wengi katika mataifa makubwa ya raga waliuona muda huo kuwa mfupi mno. Lawama zilikuwa kwamba vyama vyenye fedha viliwachukua vijana kutoka visiwa vya Pasifiki na Afrika Kusini, vikawapa mikataba, na baada ya miaka 3 vikawavisha jezi ya taifa.

Mwezi Mei 2017, baraza la World Rugby lilikutana Kyoto, nchini Japani, na kuamua kwa kauli moja kwamba muda huo uongezwe hadi miezi 60. Utekelezaji uliokusudiwa kuanza mwisho wa mwaka 2020 uliahirishwa kwa mwaka mmoja kutokana na janga la korona. Baadaye kipimo chenyewe kilibadilishwa pia. Siku hizi kinachotazamwa katika sharti hilo la miezi 60 ni usajili, yaani kwamba kwa muda wote huo mchezaji alikuwa ameandikishwa katika chama au chombo cha raga cha nchi hiyo peke yake.

Mabadiliko hayo yalilenga matajiri, lakini uzito wake unawaangukia wadogo pia. Mkataba wa kazi katika nchi za Ghuba mara nyingi huwa wa miaka 2 au 3, na huweza kurefushwa au kukatizwa. Mwalimu au mhandisi anayefikisha miaka 5 bila ya kuhamishwa kituo si jambo la kawaida sana. Kwa muda wa miezi 36, timu ya Ghuba iliweza kujazwa na watu wa aina hiyo. Kwa miezi 60, wengi wao huondoka kabla hawajastahiki.

Suala la usajili nalo lina athari zake. Mchezaji aliyeishi Muscat miaka 5, lakini ambaye jina lake halikuandikwa popote kwa sababu alicheza kwa kujifurahisha jioni za wikiendi, huenda akajikuta hana cha kuonyesha. Kitabu cha usajili cha klabu ndogo, ambacho hapo zamani kilionekana kuwa karatasi tu, sasa ndicho kinachobeba haki ya mtu ya kuiwakilisha nchi.

Mechi moja inayofunga milango

Hatari kubwa zaidi kwa mchezaji mwenye asili ya nchi zaidi ya moja ni kwamba uchaguzi wake hufanyika uwanjani. Akiingia uwanjani katika mechi moja ya timu ya kwanza ya taifa dhidi ya timu ya taifa jingine, hata akiwa mchezaji wa akiba aliyecheza dakika ya mwisho, basi amefungamana na nchi hiyo. 

Kwa muda mrefu fungamano hilo lilikuwa la maisha. Mwezi Novemba 2021, World Rugby iliamua kulilegeza, na kuanzia tarehe 1 Januari 2022 mchezaji anaweza kubadilisha nchi mara moja tu katika maisha yake. Ni lazima awe hajaichezea timu yoyote ya taifa kwa miezi 36, na nchi anayohamia iwe ni ile aliyozaliwa yeye, mzazi wake, au babu au bibi yake. Miaka ya makaazi haifungui mlango huu wa pili. Zaidi ya hayo, ombi lake lazima liidhinishwe na World Rugby yenyewe.

Waliofaidika zaidi ni visiwa vya Pasifiki. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 nchini Ufaransa, Tonga iliwatumia Malakai Fekitoa na Charles Piutau, ambao wote wawili walikuwa wameichezea New Zealand hapo awali. Kwa Muomani mwenye bibi wa Unguja, maana yake ni kwamba kosa la kuharakisha uchaguzi si la maisha tena, lakini gharama yake ni miaka 3 ya kukaa nje, na kwa mchezaji wa raga miaka 3 ni sehemu kubwa ya umri wake wa kucheza.

Pasipoti inaporejea

Isidhaniwe kwamba pasipoti haina kazi kabisa. Katika Michezo ya Olimpiki, Katiba ya Olimpiki inadai kwamba mwanamichezo awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Kijana wa pili katika mfano wetu, aliyezaliwa Muscat kwa wazazi wa Kihindi, anaweza kuvaa jezi ya Oman katika mechi ya kawaida ya kimataifa, lakini hawezi kuivaa katika Olimpiki mpaka apate uraia.

Serikali nazo zinaweza kuongeza masharti yao. Mfano ulio wazi ni wa Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, Zimbabwe, aliyeanza kuichezea Afrika Kusini mwaka 2008. Kwa kanuni za raga alistahiki. Lakini mwaka 2010 ulizuka mjadala wa kisiasa nchini humo kwamba asiye raia asiichezee timu ya taifa, na jambo hilo lilitulia alipopewa uraia katika mwaka huo huo. Mwaka 2019 alikuwa mmoja wa mabingwa wa dunia.

Gharama ya kukosea

Kwa chama cha raga, kumchezesha asiyestahiki ni kosa linaloweza kufuta kazi ya miaka kadhaa. Mwaka 2018, Romania, Uhispania na Ubelgiji zilipokonywa pointi baada ya kubainika kwamba ziliwatumia wachezaji wasiostahiki. Romania ilikuwa imemtumia mchezaji ambaye tayari alikuwa ameichezea Tonga katika raga ya wachezaji 7. Nafasi ya kwenda Kombe la Dunia nchini Japani mwaka 2019 ikaangukia Urusi.

Uhispania haikuepuka balaa hilo mara ya pili. Mwaka 2022, baada ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2023, ilipokonywa pointi 10 kwa kumtumia katika mechi mbili mchezaji mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye hakuwa ametimiza muda wa kuishi nchini Uhispania. Uchunguzi ulionyesha kwamba nakala ya pasipoti yake ilikuwa imebadilishwa ili kuficha safari aliyoifanya nje ya nchi. Romania ikachukua nafasi hiyo. Wachezaji wote wa Uhispania, wakiwemo waliozaliwa na kukulia huko, wakabaki nyumbani kwa kosa lisilo lao.

Fundisho la kriketi

Muscat tayari ina mfano wa mchezo uliopiga hatua kwa kutumia wakaazi wa kigeni. Katika kriketi, mchezaji anaweza kuiwakilisha nchi aliyozaliwa, nchi ambayo ni raia wake, au nchi aliyoishi kwa miaka 3 mfululizo. Timu ya Oman imejengwa kwa sehemu kubwa na wachezaji wenye asili ya Pakistan na India wanaofanya kazi nchini humo.

Timu hiyo iliishinda Ireland mwezi Machi 2016 katika Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20 lililofanyika India. Mwezi Oktoba 2021, mechi za mashindano kama hayo zilichezwa katika uwanja wa Al Amerat, ulioko Muscat, na Oman ikaifunga Papua New Guinea bila ya kupoteza wiketi hata moja. Bila ya wakaazi hao, bendera ya Oman isingefika hapo.

Hata hivyo, mafanikio hayo yameacha suala ambalo raga nayo haiwezi kulikwepa. Timu inayowategemea wageni hupata ushindi mapema, lakini wageni hao wanapohamishwa kazi au kuzeeka, ni lazima watafutwe wengine. Mchezo hukita mizizi pale watoto wa shule wanapouona kuwa wao. Kenya ilihitaji miongo mingi kutoka timu ya walowezi hadi nusu fainali ya Dubai, na haikufika huko kwa kubadilisha kanuni za uteuzi. Ilifika kwa kuufungulia mchezo vijana waliozaliwa nchini.

Kanuni ya miezi 60, kwa maana hiyo, inaibana Oman na pia inaielekeza. Inapunguza idadi ya wageni wanaoweza kuitwa haraka, na wakati huo huo inawaacha wazi kabisa wale waliozaliwa Muscat, wawe na pasipoti ya Oman au wasiwe nayo, pamoja na wale walioko Unguja, Pemba, Mombasa na kwingineko ambao babu zao walizaliwa Oman.

Kwa kijana mwenye kipaji ambaye familia yake imevuka bahari mara moja au mara mbili, matayarisho huanza kabla ya siku ya majaribio. Aulize bibi yake alizaliwa wapi, kijiji gani na mwaka gani, wakati bibi bado yupo wa kuulizwa. Atafute cheti. Ahakikishe jina lake limeandikwa katika kitabu cha klabu. Na kabla ya kuingia uwanjani katika jezi ya nchi yoyote, hata kwa dakika moja ya mwisho, ajue ni mlango gani anaoufungua na ni upi anaoufunga nyuma yake.